Barua kwa mwanangu: jero ya kiranja

Kirumba, Mwanza

Mwanangu,

Marahaba, baba. Huku sote wazima. Mvua inatutesa sisi wa dagaa hapa Mwaloni, ila hayo tutaongea ukifunga shule.

Unasema jero ya kiranja wenu, ile sarafu ya shilingi 500, ina hila. Mnagombea zamu ya kuchota maji, inarushwa, na katika mara 10 upande wa nyati umetokea 7, wa Karume 3 tu. Sasa mnataka kumpeleka kwa mwalimu wa zamu. Ngojeni kwanza.

Sarafu ikirushwa mara 10, matokeo yanaweza kupangika kwa namna 1,024. Hesabu zile ambazo upande wowote umetokea mara 7 au zaidi: ni 352, zaidi ya theluthi. Kwa hiyo sarafu isiyo na kosa lolote hufanya hivyo mara nyingi tu, na aliyebeba ndoo ataapa kaonewa. Mwalimu akiwafukuza ofisini, mimi niko upande wake.

Rusheni mara 100. Msitarajie 50 kamili, maana hiyo yenyewe ni nadra. Chukua kipeuo cha pili cha 100, ni 10, gawa kwa 2, unapata 5. Hiyo ni hatua moja ya kuyumba. Ruhusu hatua mbili kila upande: 40 hadi 60. Sarafu halali hutoka nje ya hapo chini ya mara 4 katika kila majaribio 100 kama hayo. Nyati akifika 63, mna la kusema, ingawa bado si la kuapia.

Mipaka hiyo iandikeni daftarini kabla ya kurusha, kiranja akiona. Na mfike 100 kweli. Mkiachia njiani kwa sababu nyati anaongoza, mmejipikia jibu. Msiizungushe mezani pia. Ukingo ukiwa umechakaa kidogo tu, sarafu inayozungushwa huegemea upande. Irushwe juu, idakwe kiganjani.

Mkiwa na subira, fikeni 400. Hapo hatua ni 10, mipaka 180 na 220. Nyati 60 kati ya 100 yuko mpakani; nyati 240 kati ya 400 amefika hatua nne, na hapo hata mimi nitakuja kumshtaki.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanahisabati John Kerrich alizuiliwa Denmark, akarusha sarafu mara 10,000. Kichwa kilitokea mara 5,067. Imezidi 67, inatisha? Piga hesabu mwenyewe: hatua ni 50, hajafika hata mbili.

Mkipata nje ya mipaka, mpeni mwingine airushe jero hiyohiyo, kisha kiranja arushe sarafu yenu. Ndipo mtajua kama hila iko kwenye sarafu au kwenye kidole gumba chake.

Mama yako