Kabla hujailipia hiyo Baccarat

South B, Nairobi

Kwako Mwakio,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Picha za kile kizuia karatasi cha kioo chenye maua ndani, unachouziwa kama kazi ya kale ya Baccarat, kiwanda cha kioo cha Ufaransa, nimezifungua zote. Umeniuliza kama ukinunue, na jibu la haraka ni hili: usitume hata shilingi kwa M-Pesa kabla kizuia karatasi hicho hakijapinduliwa na kupimwa uzito. Picha zote tano zimepigwa kutoka juu. Muuzaji anayeijua mali yake hupiga na kitako, na huyu naona amekificha chini ya kitambaa cha kijani.

Kwanza tuiache hiyo B 1848 iliyoandikwa ndani ya kioo, inayokupandisha presha. Ni kweli Baccarat waliweka B na mwaka kati ya 1846 na 1849, na Saint-Louis, kiwanda kingine cha Ufaransa, wakaweka SL na mwaka wao. Ndicho kipindi ambacho viwanda vya Ufaransa vilizama katika kazi hii, baada ya Pietro Bigaglia, fundi wa kioo wa Venice, kuonyesha vyake huko Vienna mwaka 1845. Lakini mwaka ni kijiti tu cha kioo, na mwenye tanuri yoyote anaweza kukitengeneza. Tena Baccarat na Saint-Louis wenyewe waliifufua kazi hiyo miaka ya 1950, kwa hiyo hata cha kiwandani kwao si lazima kiwe cha kale.

Ukielewa kijiti kinavyotengenezwa utajua cha kutazama. Bonge la kioo laini husukumwa ndani ya kalibu ya chuma yenye umbo la nyota au ua, likavishwa kioo cha rangi nyingine, kisha mafundi wawili hulishika huku na huku na kurudi kinyumenyume mpaka livutike na kuwa jembamba kama penseli. Hapo hukatwa vipande. Fikiria bamia: popote utakapoikata, umbo la ndani ni lile lile. Vipande hupangwa, vikaokotwa kwa kioo cha moto, na kuba likajengwa juu yake. Sasa chukua lenzi ya sonara ya mara 10. Kazi nzuri ya Kifaransa ina kingo kali, na nyota ina ncha zote. Katika Baccarat ya kale kila tarakimu imo ndani ya kijiti chake cheupe, rangi zikipishana nyekundu, buluu na kijani. Ukikuta tembo au jogoo ndani ya kijiti usidhani ni mzaha. Vivuli vya wanyama ni alama mojawapo ya Baccarat. Nakala zilizotoka China kuanzia miaka ya 1930 huwa na vijiti vilivyovia, na kioo chenyewe ukikipapasa kina utelezi kama kimepakwa mafuta.

Kitambaa kikitoka (spiriti kidogo huilainisha gundi, na muuzaji akikataa, aga uende zako), tazama duara linalogusa meza. Mikwaruzo ya umri ni myembamba, inaelekea kila upande, na haivuki duara hilo. Mistari iliyonyooka, yote ikielekea upande mmoja, ni ya msasa. Na kama katikati ya kitako, pale palipobonyea na ambapo meza haifiki, nako kumechakaa, huo uzee ulitengenezwa wiki iliyopita.

Halafu pima uzito. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko macho yangu, na vifaa vyake viko jikoni kwangu: mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja, jagi la plastiki, na ule wavu wa kufungia vitunguu. Kwanza kiache kioo chumbani kwa muda wa saa mbili kando ya maji yenyewe, ili joto lao lilingane. Kioo kilichotoka juani kikitumbukizwa kwenye maji baridi kinaweza kupasuka mkononi. Kipime kikavu. Tuseme kimesoma gramu 612. Weka jagi lenye maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha kining'inize kioo ndani ya wavu mpaka kizame chote, bila kugusa chini wala ubavuni. Mizani itaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa, tuseme 198. Gawanya 612 kwa 198, unapata 3.09, yaani kioo ni kizito mara 3.09 kuliko maji ya ujazo huo huo. Kioo cha Baccarat kina madini ya risasi, ndiyo maana hupita 3. Kioo cha kawaida, kama cha chupa au dirisha, hucheza karibu na 2.5, kwa hiyo bonge la ukubwa uo huo lingekuwa na gramu 495 hivi.

Kipimo hiki hukosewa kwa njia tatu. Viputo vya hewa vikining'inia kwenye wavu, maji huonekana mengi na jibu hushuka. Tikisa kidogo kabla ya kusoma. Kioo kikigusa sakafu ya jagi, namba huruka ghafla. Kitambaa kikiachwa chini, hunywa maji na kuharibu hesabu yote. Tutaanza na bilauri iliyotoka kwenye karakana ya kioo ya Kitengela, maana kule huyeyusha vioo vya madirisha yaliyotumika: tukipata karibu na 2.5, mizani iko sawa. Ila usisahau kwamba namba ndogo hukikataa kioo, lakini namba kubwa haikithibitishi. Baccarat ya miaka ya 1970 nayo ina risasi.

Kuhusu ile alama ya mwezi mwandamo kwenye picha ya tatu: huo ni mshtuko wa kugongwa, si tone la maji. Ukiwa juu juu, bei ishuke tu. Usikubali ahadi ya kwamba "fundi ataung'arisha". Kung'arisha ni kusaga kuba lote, na kuba likipungua, maua yaliyo ndani huonekana madogo zaidi. Likisagwa vibaya, yanaogelea unapolizungusha. Ufa wa ndani, ule unaoanzia kwenye kijiti, hautengenezeki kabisa. Kioo cha rangi na kile kisicho na rangi vilipoa na kunywea kwa viwango tofauti. Taa ya kukagulia noti bandia, ile inayouzwa mtaa wa Luthuli, itakuonyesha pia pale palipojazwa gundi, kwa sababu gundi hung'aa tofauti na kioo.

Ukikinunua, usikiweke dirishani. Kuba hilo hukusanya jua kama lenzi, na karatasi au pazia vinaweza kushika moto. Safari ya kurudi Voi kifunge peke yake kwenye taulo na ukipakate. Kisiingie kwenye buti la basi pamoja na magunia.

Jumamosi njoo na huyo muuzaji hapa kwangu saa nne, mizani itakuwa mezani. Mwambie mapema kwamba kitambaa kitatoka. Akighairi kuja, utakuwa umeokoa nauli ya kurudi mara ya pili.

Msalimie mama watoto.

Wako,
Kibe