Barua kwa mpwa wangu aliyerudi usiku

Mpwa wangu,

Salaam aleikum. Mamako amenambia kuwa umerudi. Hakulisema kwa furaha wala kwa kilio. Alilisema kwa ile sauti ya chini anayoitumia akitaja bei ya dawa. Kwamba ulishuka uwanja wa ndege wa Moi, hapa Mombasa, usiku, ukachukua tuktuk hadi Kisauni, ukaingia kwa mlango wa uani, na tangu siku hiyo hutoki ila baada ya isha, chepeo umeishusha hadi machoni. Nimekupigia simu mara tatu hukushika. Ujumbe wangu umeusoma, nimeona alama mbili za buluu, na jibu hakuna. Basi nimeamua kukuandikia hapa hadharani. Najua utasoma, maana usiku hulali. Tena si wewe peke yako. Hapo mtaani kwenu nawajua vijana wanne waliorudi kutoka kazini nchi za Ghuba kabla ya mkataba kwisha, na wote wanne watoka usiku kama popo.

Jina lako silitaji. Mtaa wenyewe unalijua. Nikwambie hilo kabla ya lolote: wanajua. Muuza mbaazi ajua, imamu ajua, na yule mtoto wa jirani aliyekuona ukianua nguo alfajiri amekwisha kulitangaza madrasani. Unamficha mtu ambaye amekwisha kuonwa.

Mie nilijificha vilevile, ila mchana kweupe, tena nikiwa nimepiga pasi.

Unakumbuka nilikuwa karani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Miaka kumi na mmoja. Kazi yangu ilikuwa makaratasi: ankara, hati za meli, kibali cha kontena kutoka. Kisha mwaka 2018 SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ikaanza kubeba mizigo, na makontena mengi yaliyokuwa yakishughulikiwa hapa yakawa yapakiwa moja kwa moja hadi Embakasi, Nairobi. Yadi za Changamwe na Miritini, ambazo zamani ungetafuta pa kupita usipaone, zikaanza kuwa na uwazi wa kuchezea mpira. Mwaka uliofuata watu wakaandamana. Novemba 2019 tukaitwa ofisini mmoja mmoja. Mie nilikuwa wa saba. Nikapewa bahasha na mkono wa kwaheri.

Mkaza mjomba wako sikumwambia.

Asubuhi yake nikavaa shati la mikono mirefu, nikabeba mkoba na chakula alichonifungia, nikaenda kukaa bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari. Palikuwa ndiyo kwanza pamefunguliwa upya, Oktoba hiyohiyo, kwa Sikukuu ya Mashujaa. Viti vipya, sakafu mpya, na ile mibuyu ya kale imeachwa palepale. Nikachagua mbuyu wangu. Ule mlango wa Kilindini, wa kuingilia bandarini, ni mwembamba, meli hupita karibu hata ukaona nguo za mabaharia zilizoanikwa. Na mie, kwa ujinga wa mazoea, nikawa nahesabu makontena. Safu kwa safu, rangi kwa rangi, hii ya kampuni fulani, ile ya fulani. Saa tisa nikala chakula changu. Saa kumi na moja nikapanda matatu kurudi nyumbani.

“Leo kazi vipi?”

“Nyingi.”

Nilifanya hivyo wiki tatu. Uongo, mwanangu, ni kama mbuzi wa kufugwa ndani, kila siku wataka majani. Ilibidi nibuni bosi mkali, nibuni kontena lililokwama, nibuni hata ugomvi na mlinzi wa geti. Nauli ilitoka kwenye ile bahasha. Dukani nilikuwa na deni la elfu nne na mia tatu, nikawa nazunguka kichochoro kingine ili mwenye duka asinione, safari ya dakika mbili naifanya kumi.

Aliyenitoa pale ni muuza kahawa, wale wanaotembea na dele huku wakigonganisha vikombe. Alikuwa akinipita kila siku. Siku moja akasimama, akanimiminia bila kuulizwa, akasema, “Bwana mkubwa, hii ni wiki ya tatu. Hiyo ofisi yako haina paa?” Nilicheka. Nilipomaliza kucheka nikaona machozi yanashuka, mtu mzima, na mkoba mapajani. Yeye akatazama baharini kwa adabu mpaka nikamaliza.

Usiku ule nikamwambia mkaza mjomba wako, “mke wangu wa pili” kama unavyopenda kumtania. Unajua alinijibu nini? “Nimejua tangu siku ya nne. Shati lako lanuka chumvi.” Alikuwa akinifungia chakula huku akijua. Kesho yake nikaenda dukani na elfu moja mkononi. Mwenye duka akaipokea, akasema aliona tangu tulipoacha kununua sukari kilo tukawa twanunua robo.

Yaani wiki tatu zile nilikuwa namdanganya mbuyu.

Nasikia wazee wamekuja kukupa methali. Hilo nalo ni adhabu. Mmoja amekwambia mgaagaa na upwa hali wali mkavu, nawe ukageuka ukutani. Nakuelewa, maana watu huitaja methali ile kama fimbo, kwamba amka utafute. Lakini wewe umezaliwa pwani, hebu lisikilize neno lenyewe. Upwa ni pale maji yalipokupwa. Huyo mgaagaaji hakwenda baharini wakati bahari imejaa na mashua zimetoka. Ameshuka wakati maji yameondoka, pamebaki tope, mawe na mashimo ya kaa. Anatafuta kitoweo mahali ambapo mpita njia ataapa hapana kitu. Tena anatafuta ameinama, matope magotini, na kila aliye juu ya ukuta anamwona. Mie naamini hilo la kuonwa ndilo gumu, kaa mwenyewe si kazi. Ukikubali kuonwa umeinama, kitoweo kimo. Basi hapo ndipo nilipokosea zile wiki tatu, na ndipo ninapokuona wewe sasa.

Sikutajirika baada ya hapo, usidhani. Nilitembea na yule muuza kahawa, yeye dele, mie sinia la kashata za mkaza mjomba wako. Wenzangu wa zamani walinunua kwangu. Wengine walinihurumia hadharani, na huruma ya hadharani yachoma kuliko kahawa. Tukaanza kuzoea. Kisha ikaja Machi 2020, korona, amri ya kutotoka nje usiku, na biashara ya kahawa ni ya jioni. Kufumba na kufumbua, sinia likarudi jikoni.

Tarehe 6 Mei serikali ikafunga Mji wa Kale wote. Hakuna kutoka, hakuna kuingia. Ilikuwa Ramadhani. Sisi wa Kibokoni tukafungiwa ndani, na Idi ikatukuta humo humo. Maji ya mfereji kwetu huja yakitaka yenyewe, na wachukuzi wengi wa maji walikuwa wamebaki upande wa pili wa vizuizi. Nami nilikuwa na mikono miwili isiyo na kazi. Nikaanza kubeba mitungi.

Ghorofa ya pili, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kulikuwa na bibi wa miaka themanini na ushei. Ngazi za mbao, zimesimama kama mnazi. Mitungi miwili ya lita ishirini kabla jua halijapanda. Siku ya kwanza alinipa shilingi hamsini. Siku ya pili alinipa dua. Siku ya tatu nikachelewa robo saa, na nilipotokea kichochoroni nikamwona ametoa kichwa dirishani, sauti imejaa mtaa mzima: “We kijana! Walala? Ndoo hapa!”

Nilikuwa na miaka arobaini na minne.

Mpwa wangu, sijui kama nitaweza kukueleza vile nilivyofurahi kutukanwa. Tangu Novemba hakuna mtu aliyekuwa akinitarajia mahali popote kwa saa maalumu. Nikifika sawa, nisipofika sawa. Sasa yuko mtu, tena mkali, ambaye wudhu wake wa asubuhi unaningoja mie. Nikalala mapema siku ile ili niamke. Ukisikia watu wa semina wakihubiri kusudi la maisha, watakwambia ukae peke yako kimya ujiulize wapenda nini. Mie nilikaa kimya peke yangu wiki tatu mbele ya bahari nzuri kuliko zote, na nilichokipata ni maumivu ya mgongo. Jibu lilikuja na mtungi begani.

Kutoka nyumba moja zikawa sita. Katika nyumba ya nne alikuwako kijana aliyeagiza vipuri vya gari kutoka Dubai, vimekwama bandarini, hajui karatasi ipi yatangulia ipi. Nikaweka mtungi chini, nikamwelekeza kwa simu. Vikatoka. Akamwambia mwenzake. Ndiyo hivyo. Septemba 2022 rais mpya alipoapishwa na kutangaza kuwa shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa, mie nilikuwa tayari nina meza, nusu ya meza kusema kweli, nagawana na fundi wa stempu. Mshahara wa zamani sijaufikia. Nalala lakini.

Siku hizi nikienda mezani napita mkabala na Fort Jesus, kwenye makaburi ya Wamazrui. Profesa Ali Mazrui amezikwa pale tangu 2014. Watu wakimsimulia huanza Oxford, Makerere, vipindi vya televisheni. Mie napenda kuanzia pale wanaporuka. Kijana huyu, baba yake Kadhi Mkuu wa Kenya, alifanya mtihani wa kumaliza shule akapata daraja la tatu. Makerere wakamkataa. Akafanywa karani kwenye chuo cha Waislamu kule Tudor, palipo Chuo Kikuu cha Kiufundi leo. Hebu fikiri aibu ya mji mdogo kama huu wakati ule, mtoto wa kadhi, na kila mtu amjua baba yake. Na bado alitoka nje. Alitoka akahutubia kwenye Maulidi mbele ya umati, gavana mwenyewe akiwapo, na hotuba ile ikachangia kumfungulia njia ya masomo Uingereza. Mwaka 1963 akaingia Makerere, chuo kilekile, kufundisha. Sikwambii utakuwa profesa, wewe hata kitabu cha simu hukimalizi. Nakwambia angejifungia ndani siku ya Maulidi, nani angemsikia?

Sasa la bangili. Najua ndilo linalokuning'inia. Mamako aliuza bangili nne ulipe wakala, na pesa nyingine ukakopa kwa ami yako. Mie na mamako tumekaa tukapiga hesabu: laki moja na elfu arobaini. Ni pesa nyingi, ila ni nambari, ina mwisho. Kwa ami yako nenda wewe mwenyewe, mchana, na chochote mkononi hata kama ni mia tano. Atafoka. Ana haki. Mwache afoke amalize, kisha mtakunywa chai. Akimaliza umri wake bila kukuona ndipo utakapojuta.

Yaliyokupata huko sitakuuliza. Ukitaka kusema utasema, usipotaka basi. Ila pale maskani nyuma ya ukuta, unapokaa usiku na wale wenzako, nimepita napaona. Muguka, yale majani mnayotafuna, husogeza usiku haraka sana, na mchana hukuta mtu hana pa kuusogeza. Nimewazika watoto wawili wa rika lako waliotoka kwenye muguka wakaenda kwenye unga wa kulevya. Sitalirudia.

Mamako hajui kama nimekuandikia. Akija kusoma atanikasirikia siku mbili, nimezoea.

Yule bibi angali hai, alhamdulillahi. Bado ghorofa ya pili, bado mkali. Goti langu la kulia limekataa zile ngazi tangu mwezi uliopita, na nimekuwa nikimlipa mtoto mmoja ambaye haaminiki hata kidogo. Jumamosi hatakuja, ana safari ya Malindi. Mitungi ni miwili. Nimemwambia bibi kuwa atakuja mpwa wangu, ameuliza kama nawe ni mvivu kama mie, nikamwambia atajionea mwenyewe.

Panda matatu ya kwanza baada ya alfajiri, jua likiwa limetoka. Shuka Posta, ukate kwa miguu, usichukue tuktuk. Chepeo iache nyumbani. Nitakuwa mlangoni na mahamri, na yule mzee wa dele amesema kikombe chako cha kwanza ni juu yake.

Mjomba wako,
Kibokoni