Ngazi za mirunda zinaua vibarua wetu

Mhariri,

Inaniuma kuona kwamba katika majengo mengi ya Dar es Salaam ngazi bado hupigiliwa kwa mirunda na mabaki ya mbao, kisha saidia fundi, anayelipwa kwa siku bila mkataba, huipanda na ndoo ya zege begani. Kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi ukae mita 1 kutoka ukutani, na kichwa chake kifungwe imara. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi. Hivyo nawaomba wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wafike hata kwenye nyumba za watu binafsi, mitaani.

Msomaji,
Dar es Salaam