Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, vyombo vya muziki si mali ya baa

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya,

YAH: KUSHIKWA KWA VYOMBO VYA BENDI KWENYE BAA

Shikamoo Mheshimiwa. Mimi ni mpiga besi. Bendi yetu inazunguka baa za Mwanjelwa, Soweto, Mafiati na Uyole, na msimu wa mavuno tunashuka Tukuyu na Kyela kufuata fedha ya mpunga na ndizi. Siombi ruzuku wala ukumbi wa kisasa. Nina jambo moja: doria ikikuta baa imepitisha saa, kinachopakiwa kwenye gari ni vyombo vyetu.

Naomba nieleze kazi hii inavyokwenda, maana wakubwa wengi hutuona siku ya mwenge na siku ya Nane Nane tu, tukiwa jukwaani na sare zimepigwa pasi.

Baa nyingi za huku hazitozi mlangoni. Tangazo husema kiingilio ni kinywaji chako. Maana yake malipo yetu yanategemea mauzo ya kaunta, na hesabu ya kaunta anaijua mwenye baa peke yake. Tukimaliza kupiga anatuambia leo biashara ilikuwa mbaya, na sisi tumeona kwa macho yetu wahudumu wakikosa pa kupita. Kiasi kinachotolewa kinakatwa kwanza kukodi spika, mafuta ya jenereta kama umeme ulikatika, na bajaji ya kubebea vyombo. Kinachobaki ndicho tunachogawana watu saba. Siku nyingine kinachomfikisha mtu nyumbani ni tuzo. Madereva wa malori ya Zambia na Kongo wanaolala Mbeya ndio watuzaji wazuri kuliko wote. Mpigie rumba ya nyumbani kwao, mwimbaji alitaje jina lake kwenye kiitikio, noti itabandikwa kwenye paji la uso. Kwa hiyo tunapiga kopi, yaani nyimbo za bendi nyingine, usiku kucha na nyimbo zetu wenyewe tunazichomeka mbili tatu, watu wakiwa wamekwenda kuagiza nyama.

Haya nayaeleza tu, siyalalamikii. Tumeyazoea, na baridi ya Juni tumeizoea pia, ambapo gitaa lililokaa nje likiingizwa kwenye ukumbi wenye joto nyuzi zinalegea, mpiga gitaa la solo anazikaza upya huku watu wanapiga miluzi.

Nirudi kwenye vyombo. Mwenye leseni ya vileo ni mwenye baa. Sheria ya Vileo, iliyopo tangu 1968, inambana yeye kuhusu saa za kuuza. Kibali cha muziki anakiomba yeye, na karatasi yenyewe sisi hatuioni. Tunachosikia ni meneja anapita kando ya jukwaa akinyoosha vidole viwili, yaani ongeza nyimbo mbili, kisha mbili nyingine. Bendi ikikataa na kufunga kwa saa yake, wiki ijayo pale patakuwa na DJ mmoja na fleshi yake, asiyedai nauli ya watu saba wala kukodi dramu.

Mwaka jana ilitukuta. Baa siitaji, wala waliokuja siwataji, kwa kuwa sitafuti ugomvi na mtu. Walifika saa sita ikiwa imepita, wakazima swichi, wakabeba mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), ampi ya besi (kikuza sauti chake), spika mbili na kinanda. Kaunta haikuguswa. Kesho yake jioni baa ilifunguliwa kama kawaida, bia baridi zipo, redio inaimba. Sisi tulikuwa tunazunguka ofisi moja hadi nyingine. Mikisa ilikuwa ya kukodi, na mwenye nayo alikuwa ameshapokea malipo ya awali ya sendofu ya Jumamosi. Tulichanga, tukalipa, tukarudishiwa vyombo na risiti. Risiti ile, Mheshimiwa, imeandikwa jina la baa. Kwenye makaratasi aliyeadhibiwa ni mwenye baa, lakini hela ilitoka mifukoni mwetu.

Najua upande wa pili. Baa zetu zimebanana na nyumba za watu, spika inaelekezwa dirishani kwa mama mwenye mtoto mchanga, na nchi ina kanuni za kelele na mitetemo tangu 2015. Mimi mwenyewe naishi hatua chache kutoka kwenye baa na kuna usiku natamani waje wazime. Jirani ana haki ya kulala na sheria isimamiwe. Ombi langu ni kwamba imshike mwenye leseni. Mkitaka kufunga, fungeni baa. Ampi haina leseni ya vileo.

Wazee wetu wa muziki wa dansi hawakuwa na shida hii kwa namna hii. NUTA Jazz ilipoanzishwa 1964, vyombo vilikuwa vya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Bendi ya Mlimani Park ilikuwa chini ya DDC, Shirika la Maendeleo Dar es Salaam. Gitaa likipotea, ilikuwa hasara ya taasisi. Leo gitaa ni la mtu aliyeuza magunia ya viazi kulinunua, na likikaa kituoni wiki nzima hana kazi nyingine ya kufanya. Sisemi turudi kule, mashirika yenyewe yana shida zake.

Liko jambo ambalo lingepunguza haya yote na halihitaji bajeti. Huku kwetu watu wanakimbia baridi. Bonanza la Jumapili linaloanza saa kumi jioni linajaza kuliko onyesho la saa nne usiku, isipokuwa mwisho wa mwezi. Wenye baa wanachelewesha kwa kuiga Dar es Salaam. Vibali vya bendi vikitolewa kwa saa za jioni, vikaandikwa saa ya kuanza na ya kumaliza, na nakala moja apewe kiongozi wa bendi kabla hajapanda jukwaani, meneja hatakuwa na vidole vya kutunyooshea. Nitamwonyesha karatasi.

Kwa hiyo naomba, Mheshimiwa, uitishe kikao kabla ya Nane Nane: wenye baa, maafisa utamaduni, wanaosimamia doria, na sisi. Kabla ya Nane Nane kwa sababu ile wiki ya viwanja vya John Mwakangale ndiyo baa zinapiga hadi usiku wa manane na ndiyo vyombo vinabebwa kwa wingi. Kikao kisiwe Jumatatu asubuhi, bendi zote zinakuwa zimelala. Jumanne saa nne tutafika, na risiti nitakuja nayo.

Wako mtiifu,
Mpiga besi, Mwanjelwa