YAH: Malalamiko kuhusu uzio wa misaiprasi ulioharibiwa na mafundi wenu, na jinsi nilivyotendewa ofisini kwenu

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mliniuzia miche ya misaiprasi, mkanipandia na kunipogolea iwe uzio, na sasa inakauka. Masharti ya dhamana yenu mnayajua, hivyo sitayanukuu.

Nilifika ofisini kwenu na tawi la msaiprasi mkononi. Majani yalikuwa yamekauka kuanzia ndani, karibu na shina, na chini ya tawi vidukari wa kahawia, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, walikuwa wamejipanga, huku majimaji matamu wanayoyatoa yakiwa yameota ukungu mweusi. Nililiweka mezani kwa msimamizi wenu wa huduma nikamwomba alitazame. Hakulitazama. Alilisukuma kwa ncha ya kalamu hadi likaanguka sakafuni, akasema mbele ya wateja, "Mama, miti haiuawi na wadudu, inauawa na wenyewe wabahili wa maji," kisha akamwita anayefuata.

Maji hayakukosekana. Miche mliyoniletea ilikuwa imekaa kwenye viriba, yaani mifuko ya kuoteshea, muda mrefu mno hata mizizi ikajizungusha chini, na fundi wenu aliichimbia vivyo hivyo, bila kuipunguza wala kuinyoosha, bila samadi, bila matandazo, tena katika kiangazi badala ya kungoja masika. Nilipolalamika kwamba haikui, alirudi na urea akaimwaga ikigusa mashina. Mbolea hiyo huwekwa kidogo, mbali na shina na kwenye udongo wenye unyevu. Ikizidi, huunguza mizizi na kutoa machipukizi laini ambayo vidukari huyafurahia.

Hata kabla ya urea walikuja wapogoaji wenu na mashine. Uzio unaotakiwa kufunga haraka hupunguzwa kidogo kidogo ungali mchanga, juu na ubavuni, na chini huachwa pana kuliko juu ili mwanga ufike hadi matawi ya chini. Wao walikata ndani hadi kwenye matawi makavu yasiyo na jani hata moja. Mchongoma ungevumilia na kuchipua upya, lakini msaiprasi hauchipui kwenye tawi kuukuu lisilo na majani, na sasa upande mzima wa barabarani una matundu ambayo hayatazibika.

Kidukari huyu wa msaiprasi naye si mgeni hata mkaweza kusema hamkumjua. Aliingia Malawi mwaka 1986 na Kenya mwaka 1990, akakausha misaiprasi mashambani na kwenye nyua za watu, na mwaka 1994 Malawi ilianza kuachia nyigu wadogo wanaomshambulia. Kampuni inayouza misaiprasi hapa Arusha inawajibika kukagua miche kabla haijatoka kitaluni.

Narudia habari ya lile tawi, kwa sababu ndiyo inayonichoma hadi leo. Nililibeba kwa uangalifu, nimelifunga kwenye gazeti, ili mwone wadudu wakiwa hai. Msimamizi wenu alilisukuma kwa kalamu, kama uchafu, na lilipoanguka alilisogeza kwa kiatu chini ya meza huku akicheka. Aliyeinama kuliokota ni mzee mmoja, mteja kama mimi, aliyenirudishia na kuniambia, "Pole, mama." Pole hiyo ilipaswa kutoka kwenu.

Nilipopanga kuandika barua hii nilikusudia kudai miche mipya tu. Sasa nadai nirudishiwe gharama zote za miche, upandaji na upogoaji. Miti iliyokufa ing'olewe na kuteketezwa kwa gharama zenu. Miche michanga iliyokaguliwa ipandwe masika yakianza. Na msimamizi huyo aniombe radhi kwa maandishi, kwa sahihi yake na yako.

Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitapeleka tawi hilo pamoja na picha kwenye Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyopo Ngaramtoni, nitawasilisha malalamiko kwenye Tume ya Ushindani, na madai ya fidia nitayafungua mahakamani, ambako nitadai pia fidia ya kudhalilishwa mbele ya watu. Nakala ya stakabadhi na picha nimeambatisha.

Wako katika kusubiri jibu la maandishi,

Mteja wenu, Usa River