Barua ya wazi: Mheshimiwa, njoo uzione nguzo hizi kabla hazijafungwa seng'enge

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za kwanza nilizileta ofisini kwako kwa mkono, zikapigwa muhuri, kisha kimya. Hii naiandika hadharani kwa sababu Jumamosi iliyopita, upande wa Kitengela, nimekuta nguzo mpya zimechimbiwa katikati ya njia ya wanyama wanaoingia na kutoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Udongo ulikuwa bado mbichi. Kando ya mashimo palikuwa na alama za kwato zilizofika hapo, zikageuka.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia hapa Nairobi. Kila mwaka nawapeleka wanafunzi mbugani, mara nyingine nauli ya basi ikitoka mfukoni mwangu, na siwapeleki kutafuta simba. Nawapeleka kutazama kuro, mnyama mkubwa wa jamii ya swala. Kuro wa mashariki ya Bonde la Ufa ana duara jeupe matakoni, kama aliyekalia kiti chenye rangi mbichi. Wa magharibi ana doa jeupe lililojaa. Wametengana muda mrefu hivi kwamba hata idadi ya kromosomu zao, nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli, hailingani. Lakini hapa kwetu wanakutana, na wanazaana. Mwaka jana msichana mmoja alimwona kuro ambaye duara lake limejaa nusu, akaniuliza, "Mwalimu, huyu ni wa upande gani?"

Swali hilo, mheshimiwa, limewaleta wanasayansi kutoka mbali kupima vinasaba vya kuro wetu: spishi moja hugawanyikaje ikawa mbili, na nini huzirudisha pamoja? Sisi tunaliona kwa macho, tukiwa karibu kabisa na jiji.

Mbuga ina kilomita za mraba 117 tu. Kaskazini, mashariki na magharibi imeshazungushiwa ua. Kusini ndiko inakopumulia. Tukiziba huko, wanyama wachache waliobaki ndani watazaana ndugu kwa ndugu, na kila kizazi kitapoteza vinasaba kwa bahati tu, vikiwemo vile ambavyo vingewaokoa ugonjwa au ukame ukija. Uteuzi asilia, ule unaowabakiza wenye sifa zinazofaa, hauwezi kuchagua pasipo tofauti. Nyumbu wa tambarare za Athi na Kapiti tumeshawaona wakipungua mbele ya macho yetu.

Najua baadhi ya majirani zangu wanautaka ua. Fisi walikula kondoo wangu wanne usiku mmoja, kondoo niliowategemea kwa karo ya binti yangu. Nilijaza fomu ya fidia. Mpaka leo sijapata hata shilingi. Fisi sina kinyongo naye. Kinachoniuma ni ahadi. Ulisimama barazani chini ya mgunga ukatuambia njia hii haitafungwa maadamu wewe uko ofisini. Nilikuwa nimeketi safu ya mbele. Bado uko ofisini, mheshimiwa.

Nadhani ploti imeuzwa kwa mtu asiyejua kinachopita hapo, na aliyemwidhinishia hakumwambia. Kama ni hivyo, bado panarekebishika.

Nakuomba uje. Sitaki kamati, sitaki barua ya kujibu barua. Njoo wiki hii, nikupeleke mwenyewe kwa miguu, uziamuru nguzo zing'olewe kabla waya haujavutwa. Kutoka barabarani ni mwendo wa dakika ishirini.

Wako,
Mwalimu wa bayolojia, Nairobi