Barua kwa Rashid: usiwauze wale watoto watano wa chatu

Arua, Uganda

Ndugu yangu Rashid,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Ijumaa baada ya swala nilimpitia mama; ni mzima na anakuulizia. Picha zako nimezipata, na malalamiko yako pia.

Unasema aliyekuuzia yule chatu dume albino huko Leipzig amekulaghai, kwa sababu ulimpandisha kwa jike wa kawaida ukitarajia watoto weupe, na wote watano wametoka na madoa ya kahawia na nyeusi kama mama yao. Rashid, hukulaghaiwa. Hao ndio hasa uliopaswa kuwapata, na nakuomba usimuuze hata mmoja kabla hujamaliza kusoma.

Kila mtoto hupokea nakala mbili za jeni, moja ya baba na moja ya mama. Dume wako ni mweupe na manjano, macho mekundu, kwa kuwa jeni yake ya kutengeneza melanini, ile rangi nyeusi, ina hitilafu katika nakala zote mbili. Nakala moja nzima ingetosha kumtia rangi mwili mzima. Ndiyo maana yenye hitilafu ikiwa peke yake haionekani kwa nje. Sasa tazama: baba hana nakala nzima ya kumpa mtoto yeyote. Kwa hiyo wote watano, bila kumtoa hata mmoja, wamebeba ualbino wake. Wafugaji humwita nyoka wa namna hiyo heti.

Wewe jambo hili unalijua tayari. Wewe na Zainabu mlipima damu kabla ya nikaha mkaangalia kama ni AA, yaani nakala zote mbili nzima, au AS, yaani moja ina hitilafu ya selimundu, ule ugonjwa wa damu. Watoto wachanga wa Uganda walipopimwa nchi nzima mwaka 2014 na 2015, asilimia 13.3 walikutwa na nakala moja ya selimundu, na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Ndivyo inavyokuwa wazazi wawili wenye afya kabisa wakampata mtoto wa SS, mwenye hitilafu katika nakala zote mbili. Darasani kwangu somo hili sipiti haraka, maana wanafunzi wangu wataoa na kuolewa. Kwa nyoka ni rangi tu, lakini hesabu ni ileile.

Ukimkutanisha heti na heti, kila yai lina nafasi moja kati ya nne ya kutoa albino, mbili za kutoa heti, na moja ya kutoa asiyebeba chochote. Nasema kila yai, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea. Yai la nne halijui matatu ya kwanza yametoa nini. Jike akitaga mayai sita, kuna takriban nafasi 18 katika 100 kwamba hutamwona albino hata mmoja, na hakuna aliyekudanganya.

Watoto wa kahawia wa kizazi hicho ndio wenye mtihani. Wawili kati ya kila watatu ni heti, ila kwa macho huwezi kuwatenga. Ukimuuza mmoja, mwambie mnunuzi wazi kwamba huenda amebeba, asilimia 66, wala usimwambie amebeba. Mwenye kutaka uhakika ampandishe kwa albino: akitoka mtoto mmoja mweupe, kesi imekwisha. Wakitoka sita wote wa kahawia, si ithibati kamili, lakini kwa heti halisi jambo hilo hutokea mara moja tu katika 64.

Najua utashawishika kumrudisha binti kwa baba yake, maana nusu ya mayai hutarajiwa kutoa albino. Wafugaji wengi hufanya hivyo. Mimi sipendi. Damu zikikaribiana hivyo, hitilafu nyingine zilizojificha nazo hukutana. Jike huhitaji kama miaka mitatu kufikia kutaga, kwa hiyo muda wa kutafuta dume wa ukoo mwingine unao. Ila hakikisha ni albino wa jeni ileile. Wapo wanaoitwa albino wa lavenda, nao wana macho mekundu na manjano mwilini, lakini hitilafu yao iko kwenye jeni nyingine kabisa. Ukimpandisha albino wako kwa wa lavenda utapata tena watoto wa kahawia watupu, kila mmoja amebeba siri mbili, na safari hii utamlaumu muuzaji wa pili.

Kuhusu jike wa porini kutoka huku West Nile, jibu langu ni hapana. Ni kweli chatu hao wapo kwetu, lakini kumkamata kunataka kibali cha mamlaka ya wanyamapori, UWA, na kumvusha mpaka kunataka hati za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Halafu faida yake nini? Karibu hakika atakuwa na nakala mbili nzima, kama jike uliye naye.

Fanya hivi leo: mpe kila mtoto namba, mpige picha ya mgongo, maana madoa yao hayafanani, kisha andika daftarini baba, mama na tarehe ya kutotolewa. Kwa rangi iliyojificha, daftari ndilo litakalokuonyesha usichokiona kwa macho. Nikipata hizo namba nitakuchorea jedwali la nani akutane na nani.

Msalimie sana Zainabu.

Nduguyo,
Swaleh